Ratiba za riadha zisiwasahau watoto wa Turkana

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wanafunzi wangu hupenda kuyatenganisha kama mbingu na ardhi: kanuni na desturi. Kanuni, husema wao, ni jambo lililoandikwa na wakubwa. Desturi ni jambo tulilorithi kwa wazee, wala hakuna ajuaye lilianza lini. Asili ya maneno yenyewe yatufunza vingine. Kanuni lilitujia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kigiriki, ambako lilitaja kijiti kilichonyooka cha kupimia. Desturi nalo ni neno la Kiajemi, na huko maana yake mojawapo ni amri au utaratibu uliowekwa. Waarabu wa leo hulitumia kwa maana ya katiba ya nchi. Kwa hiyo desturi ni kanuni iliyozeeka hadi watu wakasahau kwamba kuna aliyeitunga.

Naanza na maneno hayo kwa sababu mjadala wa michezo siku hizi umejaa malalamiko kwamba kanuni mpya zinaua desturi za kale. Malalamiko haya si ya Kenya peke yake. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao kwa zaidi ya karne moja walijivunia kuwa hauna saa: mechi huisha pale kazi ya wachezaji inapokwisha. Mwaka 1961 ligi mojawapo iliongeza mechi za msimu kutoka 154 hadi 162, na mwaka huo huo Roger Maris akapiga mipira 61 ya kuvuka uwanja, akaipita rekodi ya 60 iliyowekwa na Babe Ruth mwaka 1927. Badala ya kumshangilia, wengi waliuliza kama rekodi ya msimu mrefu ni halali kuwekwa kando ya ile ya msimu mfupi. Kisha mwaka 2023 saa yenyewe ikaletwa uwanjani: mtupaji mpira akapewa sekunde 15 za kutupa iwapo hakuna mpinzani aliyesimama kwenye vituo, na 20 iwapo yupo. Mechi zikafupika kwa wastani wa dakika 24 hivi. Wazee wakanung'unika, vijana wakafurahi, mchezo ukaendelea.

Naam, mchezo uliendelea, kwa kuwa Mmarekani aliyezoea besiboli bado alikuwa na uwanja karibu na kwake na timu ya kuishangilia. Swali langu leo ni tofauti kidogo. Je, kanuni na ratiba zinapobadilishwa katika mchezo ambao ndio fahari yetu, yaani riadha, ni nani huachwa nje? Ili kulijibu, nakuomba, msomaji mpenzi, tuelekee kaskazini, kwenye barabara itokayo Lodwar kwenda Kakuma, ambako kazi yangu ya kuchunguza lugha imenipeleka mara kwa mara.

Mwalimu wa isimu akifika Turkana hawezi kujizuia kusikiliza majina. Kiturkana huzigawa nomino kwa jinsi: kiambishi e- aghalabu ni cha kiume, na a- ni cha kike. Ndiyo maana mvulana huitwa Ekai na dada yake Akai. Wa mvua ni Ekiru, naye binti ni Akiru. Ukiwa na ufunguo huo, soma tena orodha ya mabingwa wetu. Paul Ereng, aliyetwaa dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, ni Mturkana. Joseph Ebuya, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mjini Bydgoszcz, Poland, mwaka 2010, ni Mturkana. Dada yake, Alice Aprot Nawowuna, alishika nafasi ya pili katika mashindano hayo hayo yalipofanyika Kampala mwaka 2017, siku ambayo wanawake wa Kenya walizichukua nafasi zote sita za mwanzo. Watu husema mbio za Kenya ni za Bonde la Ufa lenye baridi. Majina yanasema kwamba nyanda za joto zimo pia, ijapokuwa wenyewe hawakukomazwa huko: Ereng alisoma Starehe, Nairobi, naye Ebuya akajifua Nyahururu. Lodwar ipo kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Iten inakaribia mita 2,400. Mtoto wa Turkana mwenye miguu hulazimika kwanza kuondoka.

Mtoto huyo aliondoka kwa mlango upi? Kwa miaka mingi mlango mkubwa ulikuwa mbio za nyika. Mchezo huu haudai uwanja wa mpira wa kisasa wala vifaa. Unadai ardhi, mapafu na moyo. Mashindano ya dunia yalianza mwaka 1973 na yakawa yanafanyika kila mwaka. Timu ya wanaume ya Kenya ilishinda mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. John Ngugi alitwaa ubingwa mara tano, naye Paul Tergat mara tano, kuanzia 1995 hadi 1999, bila kukosa mwaka. Hiyo ndiyo ikawa desturi: kila mwanzo wa mwaka, kutoka shuleni hadi wilayani, kutoka mkoani hadi taifa, vijana walikimbia wakijua kwamba mwisho wa njia kuna timu ya taifa, na kwamba aliyeshindwa mwaka huu ana mwakani.

Kisha kanuni zikaanza kubadilika. Hadi 1997 timu ya wanaume ilihesabiwa kwa wakimbiaji sita. Mwaka uliofuata ikawa wanne. Mwaka 1998 ziliongezwa mbio fupi za kilomita 4, na baada ya 2006 zikafutwa. Mabadiliko hayo hayakuitikisa desturi yetu sana. Lililoitikisa lilikuja baada ya 2011, pale mashindano yalipofanywa kuwa ya kila baada ya miaka miwili. Sababu zilijulikana: nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimepunguza kuleta timu, na watazamaji walichoka kuwaona Wakenya na Waethiopia wakigawana medali. Ushindi wetu wenyewe ukawa hoja ya kuyapunguza mashindano.

Tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Mashindano ya vijana wa chini ya miaka 20 huwapokea wale wanaotimiza kati ya miaka 16 na 19 ndani ya mwaka husika. Binti aliyezaliwa mwaka 1983 alikuwa na nafasi nne: 1999, 2000, 2001 na 2002. Binti aliyezaliwa mwaka 2003 alikuwa na nafasi ya 2019 mjini Aarhus, Denmark, akiwa na miaka 16. Mashindano ya 2021 yaliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, yakasogezwa tena, hatimaye yakafanyika Bathurst, Australia, Februari 2023. Kufikia hapo binti yetu amehesabiwa mtu mzima. Nafasi nne zimekuwa moja. Mwenye kocha, viatu na shule ya bweni iliyo karibu na Eldoret huenda akaitumia nafasi hiyo moja. Lakini yule ambaye mwalimu wake amemgundua akiwa na miaka 17 pale Lokichar au Kalokol hana hata hiyo.

Ratiba si hesabu ya miaka tu. Ina majira pia. Mturkana huugawa mwaka katika sehemu mbili kubwa: akiporo, wakati wa mvua, na akamu, wakati wa ukame. Akiporo ndio wakati wa watu kukutana, maana mifugo ipo karibu, maziwa yapo, ngoma zinachezwa na sherehe zinafanyika. Wakati wa akamu familia hutawanyika zikifuata malisho na maji, na kijana mwenye nguvu ndiye wa kwanza kutumwa mbali na mbuzi. Sasa tazama msimu wa mbio za nyika nchini: kwa miaka mingi kilele chake kimekuwa Februari, kwa kuwa mashindano ya dunia yalikuwa Machi. Kwa Eldoret hiyo ni miezi mizuri ya kukimbia. Kwa Turkana ni mwisho wa akamu, jua likiwa kali kuliko wakati wowote na vijana wakiwa hawapo nyumbani. Hakuna aliyekaa akapanga kuwanyima nafasi. Ratiba ilitungwa na watu wasiojua kwamba akamu ipo. Na mashindano ya 2026 yalipopangwa kufanyika Tallahassee, Marekani, mwezi Januari, kalenda yote ya maandalizi ikasogezwa tena, na hapana shaka aliyesikia mwisho ni aliye mbali zaidi.

Shuleni nako mambo hayakutulia. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu chini ya Waziri Fred Matiang'i ilizuia shughuli nyingi za nje ya darasa katika muhula wa tatu ili wanafunzi wajiandae kwa mitihani. Nia ilikuwa njema, maana wizi wa mitihani ulikuwa umekithiri. Kisha Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 mihula ilibanwa ili muda uliopotea ufidiwe. Kilichotupwa nje kwanza katika ratiba iliyobanwa ni michezo. Shule kubwa ina uwanja na mwalimu wa michezo, hivyo wanafunzi hujifua wenyewe jioni. Shule ya kutwa iliyo kando ya mto Turkwel haina ila ile siku moja ya mashindano; siku hiyo ikifutwa, mwaka wote umefutwa.

Sasa twende Kakuma. Magazeti ya ng'ambo hupenda kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Nimelisoma dai hilo mara nyingi, na kila mara huwa najiuliza ni Mswahili gani aliyeulizwa. Kiswahili hakina neno hilo kwa maana hiyo. Kakuma ni jina la wenyeji, lililokuwapo kabla ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1992. Waama, kosa hilo la tafsiri lina somo: anayeamini kwamba mahali fulani si mahali hataona haja ya kuuliza kama ratiba yake inapafaa.

Kakuma ina funzo jingine la lugha. Kiswahili kutokana na kitenzi kimoja, kimbia, kimezaa mkimbizi na mkimbiaji. Wa kwanza hukimbia hatari, wa pili hukimbia kwa mazoea na kwa ustadi. Mwaka 2015 maneno hayo mawili yalikutana kambini pale Tegla Loroupe, Mkenya aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York mwaka 1994, alipopeleka majaribio ya mbio huko. Tangu 2003 taasisi yake ilikuwa imeandaa mbio za amani zilizowakutanisha vijana wa Pokot, Turkana na Karamoja waliozoea kuvamiana kwa ajili ya mifugo. Safari hii aliwatafuta wakimbizi. Aliyetaka kukimbia alikimbia, mwenye viatu na asiye navyo. Waliochaguliwa wakapelekwa Ngong, na mwaka 2016 watano kati yao walisimama Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro na James Nyang Chiengjiek. Timu nzima ilikuwa na watu 10. Nusu yake ilitoka Kakuma.

Baada ya hapo kanuni zikakomaa, kama ilivyo kawaida ya kanuni. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliweka utaratibu wa ufadhili, na wateule wakawa wanatoka miongoni mwa wale waliokwisha kufadhiliwa. Timu ikakua: watu 29 Tokyo, katika michezo iliyoahirishwa hadi 2021, na 37 Paris mwaka 2024, ambako Cindy Ngamba, bondia aliyezaliwa Kamerun na kuishi Uingereza, aliipatia timu medali yake ya kwanza. Haya ni maendeleo, na tuyasifu. Hata hivyo, wanariadha waliotoka Kakuma kwenda Tokyo walikuwa wanne, na wote wanne walikuwa miongoni mwa wale wale wa Rio. Paris alikuwapo Perina Lokure Nakang, aliyelelewa Kakuma, akakimbia mita 800. Mlango haujafungwa, lakini kizingiti kimepanda. Aliye Ulaya ana klabu, mashindano kila wiki na saa rasmi za kupima muda wake. Aliye Kakuma akitaka kwenda kukimbia Eldoret huhitaji kwanza hati ya ruhusa ya kutoka kambini, na mashindano hayamsubiri karani.

Fauka ya hayo, kuna kanuni ya vipimo vya dawa za kusisimua misuli. Kenya imewekwa katika kundi la nchi zenye hatari kubwa, na tangu 2019 mwanariadha wetu hawezi kwenda kwenye mashindano ya dunia kabla hajapimwa angalau mara tatu nje ya mashindano katika miezi 10 iliyotangulia. Mwaka huo huo Michael Kibet na Daniel Simiu Ebenyo, walioongoza majaribio ya mita 5,000, waliachwa nyumbani kwa kukosa vipimo hivyo. Ebenyo, jina ambalo Mturkana yeyote atalitambua, alivumilia, na mwaka 2023 mjini Budapest akapata medali ya fedha ya mita 10,000. Wangapi wasingevumilia?

Nasikia msomaji akiuliza: je, unataka tuondoe vipimo, turudishe wizi wa mitihani, tuwaachie wenye umri wa miaka 25 wakimbie na watoto? La hasha! Kanuni hizo zote zina sababu, na ya vipimo tumeiletea wenyewe kwa udanganyifu wa baadhi yetu. Ninachosema ni kwamba kanuni moja ina bei mbalimbali. Chukua suala la umri. Kwa mtoto wa Nairobi, cheti cha kuzaliwa ni karatasi iliyomo kabatini. Kwa wazazi wengi wa Turkana miaka imehesabiwa kwa matukio: mtu alizaliwa mwaka wa Lopiar, ile njaa ya 1980 hivi iliyofagia mifugo yote, au mwaka wa mvua fulani. Huo si ujinga, ni kalenda nyingine. Lakini mtoto akifika kwenye meza ya usajili bila tarehe iliyoandikwa, hakimbii, hata kama kijiji kizima kinaujua umri wake.

Wala tusiambiwe kwamba ratiba haiwezi kusogezwa. Mwaka 2019 mashindano ya dunia yalifanyika Doha, na kwa kuwa joto lilikuwa kali, marathoni ya wanawake ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku. Ruth Chepng'etich wa Kenya alishinda, na hata kwa saa hizo wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza. Michezo ya Tokyo nayo ilihamisha marathoni hadi Sapporo, mamia ya kilomita kaskazini, ili kukwepa joto. Ikiwa dunia nzima inaweza kuamshwa usiku wa manane kwa ajili ya jua la Qatar, kwa nini mbio ndefu za shule za Lodwar zisikimbiwe saa kumi na mbili na nusu alfajiri? Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza. Hapa basi hekima ya lugha na ya afya ni moja.

Walimu wenzangu, mengi ya haya hayako mikononi mwetu. Hatutaketi na wakuu wa riadha huko Monaco. Lakini kuna ratiba ambayo ni yetu, nayo ni ya shule, ya kata na ya kaunti. Hapo napendekeza mambo manne. Kwanza, kaunti iwe na mbio zake za nyika kila mwaka bila kukosa, dunia iwe na mashindano au isiwe nayo. Ziwekwe baada ya mvua, vijana wanapokuwa nyumbani. Pili, majaribio ya eneo yaletwe Lodwar angalau kila baada ya miaka michache, badala ya watoto kusafirishwa siku mbili na kushindanishwa wakiwa na usingizi. Tatu, kila mwalimu wa darasa la kwanza awasaidie wazazi kupata vyeti vya kuzaliwa mapema, si wiki ya mashindano. Nne, shule za Kakuma na Kalobeyei, za wenyeji na za wakimbizi, zikimbie pamoja, ili mtoto anayeshindana na Ekiru awe Lokoro, na wote wawili wapimwe kwa saa moja.

Nanyi wanafunzi mna kazi yenu. Andikeni. Waulizeni wazee na walimu wastaafu ni nani aliyekuwa akishinda mbio katika shule zenu, mwaka gani, kwa njia ipi, na alikwenda wapi baadaye. Desturi isiyoandikwa ni rahisi kufutwa, kwa kuwa anayeifuta hajui kwamba ipo. Mkiwa na daftari la majina na miaka, siku ratiba itakapobadilishwa tena, na itabadilishwa, mtaweza kusema kwa ushahidi: hapa palikuwa na mlango, na hawa ndio walioupitia.

Nilisema kwamba desturi ni kanuni iliyozeeka. Basi kanuni tunazozitunga leo ndizo watoto wa watoto wetu watakazoziita desturi. Ni juu yetu kuamua kama watarithi desturi ya mbio zinazomngoja wa mbali, au desturi ya mbio zinazoanza kabla hajafika. Asiye na mwana, walisema wahenga, aeleke jiwe. Turkana ina wana, tusiibebeshe jiwe.